Maswali Tusiyoyajua Majibu

Njia ya Kijito Kikavu,
Missouri.
14 Julai 2019

Mpendwa mwanangu Corinne,

Hujambo huko Alaska? Na mumeo Harlan hajambo? Natumaini mnapata usingizi, maana Dwight ananiambia jua la huko wakati huu halizami hata mtu akilibembeleza. Kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya mazishi kimekuachia? Usinijibu kwamba umepona ili kunifurahisha tu. Mimi ni mzima, ila magoti yananisema kila nikipanda ngazi. Joto limetushika barabara, kuku wanahema midomo wazi, na nyanya zimeiva zote kwa mpigo, hatujui tuzipeleke wapi.

Kasha lako limefika, asante sana. Najua vitabu vile vya mazoezi ulivichagua kimoja kimoja, vya Della na vya Orrin, na najua ulilia ukivifunga. Sasa nitakuambia jambo ambalo huenda likakuudhi, nami nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kushika simu. Sijalifungua. Liko chini ya ngazi, bado limefungwa kwa utepe wake wa gundi, na litakaa hapo mpaka Septemba.

Uliandika kwamba watoto wamepoteza miezi yote ile ya ugonjwa, na kwamba dada yako Lenora, mkwe wangu, asingependa waachwe nyuma. Baba yao naye alisema vivyo hivyo. Lenora alipokuwa kitandani, mwanangu Dwight alimwahidi mkewe kuwa watoto wataendelea kusomea nyumbani, hawatapelekwa shule. Baada ya kumzika, ahadi hiyo ikamkaa kifuani. Familia zote tunazozifahamu zinazosomesha watoto nyumbani zilifunga vitabu mwishoni mwa Mei. Sisi tuliongeza masomo. Asubuhi hesabu, mchana ramani, na hata watoto wakiwa mbali na meza hawapumziki: kupika jamu ni somo la vipimo, kijito ni somo la sayansi, na kuku akitaga lazima mtu aulizwe yamebaki mayai mangapi kutimiza dazeni.

Unaijua tabia hii ya nyumba kama zetu. Hata dada yako alikuwa nayo, hakupita karibu na mzani wa dukani bila kumwita mtoto. Lakini alikuwa na sheria yake ya kiangazi, sijui kama aliwahi kukusimulia. Siku ya mwisho ya Mei watoto walitia vitabu sandukuni, yeye akakalia kifuniko, na kuanzia hapo hakuna mtu mzima aliyeruhusiwa kumuuliza mtoto swali ambalo mwenyewe analijua jibu lake. Ukikosea, unaosha vyombo. Mimi niliosha vyombo kiangazi kizima cha kwanza, maana sikuweza kumwona Della anapita bila kumuuliza saba mara nane ni ngapi. Marehemu alikuwa ananicheka, mkono kiunoni. "Mama, kwani wewe hujui? Saba mara nane imekupotea?" Nikamwona mkwe wangu ana maringo. Leo ningeosha masufuria ya wilaya nzima ili nimsikie tena akinicheka.

Sasa nikuambie yaliyotokea mwezi uliopita. Jiwe la kaburi lilikuwa limeshawekwa, tukaenda kulitazama, Dwight na mimi na watoto. Della alishika maua. Tulisimama tu. Kisha Dwight akamwinamia Orrin, akamwonyesha ile miaka miwili iliyochongwa chini ya jina, na kwa sauti ile ile ya mezani akasema, "Haya, mwanangu. Toa huu kwenye huu. Unapata ngapi?"

Corinne, mtoto yule ana miaka minane. Alichuchumaa, akaandika kwa kidole kwenye udongo wa kaburi, akakopa kumi kama mama yake alivyomfundisha. "Thelathini na nane, Baba." Halafu akatuangalia usoni, anangoja kusifiwa.

Hakuna aliyemsifu. Della aliweka maua, akaenda garini na kufunga mlango. Dwight alibaki amepiga magoti pale pale. Simlaumu. Mwanangu si mkatili, aliishiwa maneno akashika lililokuwa karibu, na katika nyumba hii lililo karibu siku zote ni swali. Lakini tangu siku hiyo Della hakuuliza tena kitu chochote. Kujibu, alijibu. Alimaliza kila ukurasa aliopewa bila kosa hata moja, na baba yake akadhani mambo yanakwenda vizuri. Mimi nilikuwa namkumbuka mtoto aliyewahi kuniamsha usingizini kuniuliza kama samaki hupata kiu. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini.

Basi Jumapili moja baada ya chakula nikakusanya vitabu vyote, nikavitia sandukuni, nikakaa juu ya kifuniko, nawe unajua uzito wangu. Dwight akaja juu.

"Mama, hebu inuka. Hawa watabaki nyuma."

"Nyuma ya nani?"

"Mama, nilimwahidi!"

"Ulimwahidi watasoma kama alivyowasomesha yeye. Na mwezi wa sita ndivyo alivyokuwa akiwasomesha, hivi unavyoniona. Halafu hilo la nyuma ya nani, jibu lake hata mimi silijui, kwa hiyo leo sioshi vyombo mimi."

Orrin alicheka. Dwight alitoka nje, akapasua kuni ambazo hatutazihitaji mpaka baridi ije. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaenda moja kwa moja kwenye karo, akaosha vyombo vyote bila kuambiwa na mtu.

Tangu hapo tunaishi ovyo ovyo, ungetuona ungeshtuka. Orrin anashinda kijitoni akipindua mawe kutafuta kamba wa majini, anarudi na kiatu kimoja. Maktaba tunakwenda, na kila mtu anachagua anachotaka, hata vile vitabu vya vichekesho ambavyo zamani ningevificha. Jioni tunakaa nje mpaka vimulimuli vitoke. Lakini Della alikuwa anakaa tu barazani, siku nenda siku rudi, mikono mapajani. Nami nilijizuia kumuuliza lolote, na usidhani ilikuwa rahisi kwa mdomo huu.

Unamkumbuka yule kobe wa Lenora, mwenye pengo kwenye gamba? Kila kiangazi huja mpaka kwenye kizingiti cha jikoni, kwa sababu dada yako alimzoeza kwa kumwekea nyanya hapo. Alhamisi iliyopita alikuja. Hakukuwa na nyanya. Akakaa, shingo ameinyoosha kuuelekea mlango. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya mlango nakata maharage mabichi. Della alishuka barazani, akachuchumaa karibu naye, akamtazama muda mrefu.

"Bibi, anajua kwamba Mama amekufa, au anadhani amechelewa tu?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu makaburini. Nilikuwa nayo majibu, ya kanisani na ya vitabuni, nikayameza yote.

"Sijui, Della."

"Kweli hujui?"

"Kweli sijui, mjukuu wangu."

Akaja akaniwekea kichwa mapajani akalia, mtoto ambaye hakulia mazishini. Tukalia wote wawili, maharage yamemwagika chini na kobe hajaondoka. Asubuhi yake nikamkuta ameshaweka nyanya kizingitini, amekaa anasubiri. Sikumuuliza anajifunza nini.

Ndiyo maana nakuomba usinikasirikie. Kama unaweza, njoo Agosti wakati wa maonyesho ya wilaya. Orrin anapeleka jogoo wake, ambaye hana adabu na hatashinda. Usije na kitabu. Njoo ukae nasi tu.

Dwight anakusalimu sana, anaona haya kukuandikia mwenyewe. Orrin anamsalimu mama yake mdogo, na anataka kujua kama dubu wa huko hupiga chafya. Nisalimie Harlan, umwambie asifanye kazi mpaka akasahau kula. Mungu akushike mkono katika msiba huu, kama ninavyomwomba atushike sisi.

Wako akupendaye siku zote,
Mama yako Verna

Nimeifungua tena bahasha. Della amekuja amesimama hapa pembeni ya meza, ananiomba nikuulize jambo. Anasema sauti ya mama yake imeanza kumpotea, kila siku inapungua kidogo, na watu husema wewe na yeye mlikuwa na sauti moja. Anauliza, ukimpigia simu naye akafunga macho, atamsikia mama yake? Mimi nimemwambia sijui. Kama na wewe hujui, mwanangu, mpigie tu.