Mimi Mzima, Hofu ni Kwako

3 Machi

Mama mpendwa, shikamoo. Mimi mzima wa afya, hofu ni kwako na hilo goti. Kazini naendelea na mashine yangu ya picha. Kutwa nawapaka wajawazito jeli matumboni, nawaonyesha watoto wao. Nakutumia jeli nyingine, ya maumivu. Paka asubuhi na jioni. Ikiwasha usiogope, ndiyo inaingia.

Mwanao

21 Machi

Marahaba mwanangu. Nami mzima. Jeli imeingia kwelikweli! Inawasha mpaka najikuna kwa kijiti. Dada yako kaniambia niache, nikamwuliza yeye kasomea wapi. Mbona mwandiko wako umepinda kama wa mtoto wa chekechea?

Mama yako

6 Aprili

Shikamoo Mama. Mimi mzima. Mwandiko ni haraka za kazi tu. Usikatishe dawa katikati.

Mwanao

19 Mei

Marahaba. Nilikuwa nimelazwa. Goti lilitoka malengelenge, yakapasuka, ngozi ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Daktari akauliza: kuna yeyote wa damu yako anayedhurika na jeli za hospitali? Nikamcheka. Nikamwambia binti yangu anazishika kutwa, naye mzima, barua ninazo. Basi wakanipaka jeli yao juu ya kidonda. Sasa mguu umevimba mpaka pajani.

Sema kweli, mwanangu. Vidole vyako vikoje?

Mama yako

2 Juni

Mama, shikamoo. Vimechubuka tangu Januari. Jeli ya kazini ina kitu cha kuizuia isioze, na ngozi yangu inakikataa. Wameniondoa kwenye mashine, sasa nakaa mlangoni naita majina ya wagonjwa. Niliona haya, ulikuwa umeshanitangaza mtaa mzima. Nikadhani ni jeli ile tu. Jana ndipo nimesoma tyubu kama yako. Kitu kile kimo humo pia. Nisamehe, Mama.

Mwanao

30 Juni

Marahaba. Kidonda kiko wazi, mguu haukunjiki. Dada yako ananishika mkono hadi chooni, wala hajanisuta hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko goti.

Kuficha nilikufundisha mimi, nami nilikuandikia ‘mzima’ huku najikuna. Kwa hiyo nimekusamehe nusu. Nusu iliyobaki ingoje mguu.

Dawa usinitumie. Na lile neno usiniandikie tena, nililiamini kuliko ngozi yangu mwenyewe.

Mama yako, asiye mzima