Vipimo vya Asubuhi

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Modeli yangu imegoma tena. Kazi yenyewe ni rahisi kusema: kuna chumvi ambayo ni kimiminika hata bila moto. Ukiichanganya na maji, uso wa mchanganyiko unajivuta kwa nguvu kiasi gani? Kompyuta yangu inakisia, vipimo vya rafiki yangu Absalom hapa maabara vinaamua. Chumvi ikiwa nyingi tunapatana. Maji yakiwa mengi, vipimo vyake vinaporomoka ghafla na mstari wangu unabaki juu, unaringa.

Mporomoko huo ndio ugunduzi wa Absalom. Ndio uliompa shahada ya uzamili. Jumamosi kwao Kombewa wanachinja ng'ombe kumpongeza. Dk. Wakhisi, msimamizi wetu, anasema modeli ikikataa data basi ni modeli iko na shida. Niongeze parameta moja, mstari ushuke. Naweza. Sitaki.

Jumatano, 3 Desemba

Nimetazama saa ambazo mashine ilirekodi. Vilivyoporomoka vyote ni vya asubuhi. Vya mchana vinakaa sawasawa kwenye mstari wangu. Maji yanajuaje saa? Nimecheka peke yangu, kisha nikaacha.

Alhamisi, 4 Desemba

Absalom amepita maabara asubuhi na kadi ya mwaliko. Akanipa mkono — unateleza. Huyu hatoki nyumbani bila kujipaka mafuta hadi viwikoni. Sote tulilelewa hivyo. Nani atatoka mlangoni amepauka? Na glavu ziliisha zamani. Anakichoma kibamba cha kupimia, kile kinachogusa maji, kikawa safi kabisa, halafu anakitundika kwa vidole vitupu. Mafuta kidogo tu yanalegeza uso wa maji. Kufikia mchana mikono imeshakauka.

Alipoondoka nimekichoma kibamba, nikakishika kwa koleo, nikapima. Hakuna mporomoko. Nimefurahi! Halafu nikaiona kadi mezani, furaha ikanitoka.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimemwandikia kwenye simu. Nikafuta. Nikaandika tena: pima upya kabla hujajipaka mafuta. Amesoma.

Pengine ningengoja sherehe ipite. Lakini kesho watamsifu kwa kitu ambacho hakipo, mbele ya ukoo mzima, nami niko pale napiga makofi. Naogopa kumpoteza.

Jumamosi, 6 Desemba

Kombewa. Naandika nyuma ya hema, kwenye kiti cha plastiki. Nyama iko tayari. MC anawaambia wazee kijana wao amegundua siri ya maji. Makofi. Mwenye sherehe hayupo!

Amefika, amechelewa sana. Mama yake amemdaka kabla hajawafikia wageni, hapa hapa karibu yangu.

"Nyathina, mwanangu, mikono gani hii? Leo? Watu watasema mimi sikukulea."

Ametoa kikopo cha mafuta mkobani. Absalom ameficha mikono nyuma. "Bado, Mama. Ngoja kwanza niongee."

Kisha akaja kunisalimia. Mkono mkavu, mweupe kwenye viungo kama wa mtu aliyekuwa akichota jivu. "Nimetoka lab," akasema. Basi. Sikuthubutu kuuliza amepata nini.

MC anamwita. Amepewa mikrofoni, anawatazama wazee, sasa ananitazama mimi. Amekohoa. Ameinua mkono wake mkavu, makofi yakaisha. Mama yake amesimama kando, kikopo mkononi, kifuniko ameshakifungua —