Damu Isipimwe kwa Macho

Neema mujukuu wangu, jambo sana, wewe na hiyo tumbo yako!

Niko Gisenyi, dada yako Solange ndiye ananiandikia. Huku madaktari wa uzazi wako na mukutano. Mumoja alikula samaki wadogo wa sambaza na sisi, akasema utafiti mupya umeonyesha kukadiria damu ya kuzaa kwa macho kunadanganya. Sasa wanawekea mama chini yake mufuko wenye mistari ya kipimo, wanapima damu, ikizidi wanamutibu haraka.

Nikamuuliza, "Na mbele ya huo mufuko mulikuwa munabahatisha?"

"Ndiyo, mama, tulibahatisha."

"Na mabinti zetu waliokufa wakizaa?"

Akaacha kula.

Donc, basi, acha ile maneno ya kuzalia nyumbani. Nenda hospitali, uulizie mufuko bila haya. Mungu akushike vizuri. Nikifika, wewe mwenyewe ndiye unifungulie mulango.

Nyanya yako