Blauzi Ambayo Sijaishona

Nyumba ya fundi cherehani,
Nyuma ya soko.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa shemeji yangu, Sindano,

Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, wewe na wote wa hapo. Kikohozi cha mwanao mdogo kimepona? Mimi mwili haujambo, nyumba ndiyo kimya. Bado najikuta nikimimina chai vikombe viwili, kisha nakunywa vyote mwenyewe.

Macho yamezidi kuchoka. Dada yako ndiye aliyekuwa akinitungia uzi, huku akinicheka. Sasa nasubiri mteja aingie ndipo nimwombe. Juzi hakuingia mtu siku nzima.

Kitambaa chako kimefika pamoja na vipimo. Unataka blauzi yenye bitana laini, kwa sababu mshono wa ile ya zamani unakusugua karibu na kovu la titi, na hapo pameota vipele viwili visivyouma. Niliposoma hapo, nilitafuta kalamu.

Shemeji, dada yako aliniambia hivyo hivyo. Naye alikuwa amepasuliwa titi kwa saratani kama wewe, miaka mitatu ikapita salama, tukaamini yamekwisha. Kipele kilipoota kwenye kovu alinitania: “Fundi gani wewe! Wake za watu unawashonea vizuri, wako unamkwaruza!” Nikaona aibu ya kazi yangu. Nikaufumua ule mshono, nikatia bitana ya pamba. Vipele vikawa vitatu. Nikafumua tena. Mara tatu niliifumua blauzi ile, miezi minne ikaenda, na kosa halikuwa kwenye mshono.

Tulipokwenda mwishowe kwa daktari wa ngozi, hakuchukua hata dakika tano. Ana kilenzi chenye taa, si kikubwa kuliko kile changu cha kutazamia nyuzi. Alidondosha tone la mafuta, akakiweka juu ya kipele, akanionyesha picha: vimishipa vya damu vimepindapinda ovyo, kama uzi uliojisokota chini ya cherehani. Nikamuuliza kama ile saratani imerudi.

“Baba, lenzi inanitia shaka tu,” akasema. “Jibu litatoka kwenye kipande cha ngozi tutakachokata tukakipime.”

Jibu likatoka. Saratani ya titi ilikuwa imesambaa hadi kwenye ngozi. Mengine unayajua, ulikuja kumzika.

Sikuandikii kukutisha. Vyako huenda ni vipele tu, nami nitafurahi ukinicheka. Lakini usikubali mtu avitazame kwa macho matupu akupe dawa ya kupaka. Mwambie ulipasuliwa titi, na kwa nini. Mwombe avitazame kwa lenzi, na akiwa na shaka akate kipande. Nenda wiki hii, Sindano. Usisubiri viume, vya dada yako havikumuuma.

Nisalimie mumeo na watoto. Nisalimie sana mama mkwe, ila haya usimwambie kwanza, ameshazika binti mmoja. Mungu akushike mkono mlangoni kwa daktari, akutoe humo na habari njema.

Blauzi nimeshaikata. Vipande viko mezani, nimevikandamiza kwa mkasi visipeperuke. Sitaishona mpaka nipate jibu la daktari. Likifika, hata iweje, nitaishona siku hiyo hiyo, na uzi nitautunga mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye,
Shemeji yako fundi