Nimemtuza Mkweo Mbele ya Wazungu

Barking, Landani
Mwezi wa kumi na moja, 1998

Kwa mke wangu Mama Zaina, Ngamiani, Tanga

Salamu nyingi, na kabla hujauliza, mimi mzima. Kifua kilinibana siku za mwanzo kwa baridi, sasa kimeachia. Wewe je? Goti limepungua, au bado unapanda ngazi za kwa dada yako kwa ubishi tu? Bati la jikoni Saidi alikuja kuligongelea, au ameishia kuahidi? Na jogoo wangu mwekundu msimchinje, hata aje mgeni gani.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Utaona mistari imepanda na kushuka, lakini ni mkono wangu. Zaina alitaka kuniandikia nikamkatalia, maneno ya mume na mke hayapitii kwa mtoto. Na wewe usimpe kaka yako akusomee. Vaa miwani, soma taratibu, hata ikichukua jioni mbili.

Najua unachongoja. Siku ya kuondoka kaka yako alinishika mkono pale uani akasema, "Shemeji, kamtazame huyo mpiga gitaa. Kama hana kazi ya maana, rudi na mtoto wetu." Na wewe ulisimama nyuma yake unatingisha kichwa. Nikasema haya. Sikusema zaidi kwa sababu kaka yako hajawahi kumpenda mpiga gitaa yeyote, hata mimi hanipendi mpaka leo, na nina wajukuu.

Basi nilifika nikakuta hali si nzuri, sikufichi. Wanakaa ghorofani, nguo zinakaukia kwenye korido, ukipita unafutwa uso na shuka. Zaina anahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunziwa, anatoka giza anarudi giza. Huyo mume wake Mzungu, ambaye siku ya nikahi tulimpa jina la Daudi, anakwenda Hayes, kule zinakoshukia ndege, anapakia mizigo ghalani. Lakini si kila siku. Siku nyingine anakaa na gitaa lake na wenzake watatu. Walirekodi albamu mwaka jana. Tangu nimefika sijakutana na mtu aliyeinunua.

Mimi sikumsemesha. Kila asubuhi anakuja, "Shikamoo Baba," kwa ulimi wao ule mzito, nami ninajibu marahaba kwa kuwa hiyo ni haki yake, basi. Analeta chai, ninakunywa, ninatazama dirishani. Zaina ananiambia, "Baba, mtu gani unakunywa chai ya mtu na humsemeshi?" Nikamwambia chai ni ya Mungu.

Sasa siku moja Zaina alikuwa anakaanga samaki, akaweka sidii ili asisikie mafuta yanavyoruka. Mimi niko sebuleni ninavaa soksi. Nikasikia magitaa mawili. Mama Zaina, soksi ya pili sikuivaa.

Nikauliza, "Kina nani hao?"

"Ndiyo hao, Baba. Daudi na wenzake."

"Daudi yupi hapo?"

"Gitaa la pili. Lile la chini."

Unanijua mimi. Gitaa la pili nimelipiga miaka gani, na kutoka Tanga mpaka Korogwe hakuna aliyenigusa. Wewe mwenyewe ulisimama karibu na spika upande wangu, si upande wa solo, usikatae. Kwa hiyo mimi si mtu wa kudanganywa na kelele. Huyu kijana hapigi kelele. Ubeti wa kwanza anabaki nyuma kidogo, kama mtu anayesikiliza mwenzake akisimulia. Ubeti wa pili anasogea. Ukifika wa tatu yeye ndiye anayebeba wimbo wote na mwimbaji hana habari. Gitaa la solo ni safi, halina ule uchafu wa umeme, linadondoka kama maji kwenye mfereji wa bati. Mwimbaji wao ana sauti nyembamba, utadhani ana mafua, lakini anasema ukweli. Zaina alinifasiria. Wimbo mmoja ni watu wawili wanangoja basi, kila mtu na mwavuli wake, na mvua yenyewe haijanyesha. Mwingine ni mtu anamwanulia mama yake nguo wakati mama keshakufa. Albamu nzima inaitwa Jumapili ya Kufua. Wameweka picha ya kamba za nguo nyuma ya maghorofa, basi, hata sura zao hawakuweka. Nani atanunua?

Wimbo wa nne ndio ulionimaliza. Mle gitaa la Daudi linamjibu mwimbaji neno kwa neno, linamtania, linambembeleza, halafu wakifika pale patamu, pale ambapo sisi tungesema sasa watu wainuke, wanakata. Wimbo kwisha! Nilimwambia Zaina airudishe. Akairudisha mpaka samaki wakaungua.

Hapo ndipo nilipokasirika. Kitu kama kile kimelala kwenye maboksi chini ya kitanda cha mtoto wetu. Zaina akasema mwaka ule watu walitaka vijana wa kupiga kelele na kutukanana magazetini, hawa ni wapole, kampuni iliwapeleka kwenye maduka machache ikawasahau. Nikavaa koti nikaenda mwenyewe kwenye duka la muziki hapa Barking. Nikamwonyesha kijana wa duka lile jalada. Akasema hawana. Nikamwambia mnauza makelele mnaacha muziki. Sijui alielewa mangapi, alicheka akanifungulia mlango.

Lakini Daudi bado sikumsemesha. Ulinituma wewe, nikasema nikimsifu mapema nitakuwa nimeegemea upande.

Kumbe ndani ya nyumba mambo yanachemka. Nikawasikia jikoni wanazungumza Kizungu chini chini, na Kizungu changu mimi ni cha bandarini, lakini sauti ya mwanangu akizuia kilio naijua kwa lugha yoyote. Baadaye akaja akakaa karibu yangu, bado ana sare ya kazi.

"Baba, Jumapili wanapiga. Atakuja mama mmoja wa kampuni kuwasikiliza. Akikubali, watarekodi nyingine. Akikataa, basi."

"Basi nini?"

"Narudi na wewe. Nimechoka, Baba. Kila mwaka naambiwa mwaka ujao."

Alisema kama mtu anayesoma tangazo. Mke wangu, nilikuwa nimepata nilichotumwa bila kuinua mkono, viza yangu iko ukingoni, tiketi ninayo. Ningefurahi. Badala yake nilimwambia aniwekee tena ile sidii.

Jumapili yenyewe ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wa nyuma wa baa. Mimi nilivaa kanzu, koti na kofia yangu ya kushonwa kwa mkono, nikaagiza soda, nikakaa mbele. Watu wachache, wamesimama mbalimbali kama wanaogopana. Zaina alikuja na sare kwa sababu alikuwa anaingia zamu jioni. Yule mama wa kampuni alisimama mlangoni, nywele fupi, koti hakuvua. Nikalitazama lile koti nikasema moyoni, huyu hakuja kukaa.

Wimbo wa kwanza Daudi yuko nyuma ya ngoma, na si kule nyuma kwa makusudi. Wa pili vilevile. Yule mama akatazama saa. Zaina akanishika mkono wa koti, akaukaza kama alivyokuwa akinishika siku za sindano akiwa mdogo. Wa tatu ukapita hivyo hivyo, mtu mmoja akapiga makofi peke yake akaona haya akaacha.

Kisha wakaingia ule wa kwangu. Na kijana akalipata! Sijui lilimjia wapi. Akafumba macho, gitaa likaanza kumjibu mwimbaji, na halikuwa kama kwenye sidii, lilikuwa zaidi. Mama Zaina, mpigaji akikupiga pale panapouma, kwetu unafanyaje? Unakaa umekunja mikono? Niliinuka. Nikatoa noti ya pauni tano, nikaenda nayo kwa mwendo wa kucheza, taratibu, bega moja moja, kama ulivyonifanyia mimi ile Idi. Nikailowesha kidogo kwa ulimi, nikambandika kwenye paji la uso.

Wallahi, Wazungu hawajui kutuza. Mlinzi wao, mtu kama kabati, alidhani nimempiga. Akanikamata makwapani akaninyanyua, kofia ikaanguka. Mwimbaji akanyamaza. Ngoma zikanyamaza. Mtu mmoja akasema huyu mzee amelewa. Mimi! Nikampigia kelele yule mlinzi kwa Kiswahili, "Niache! Huyo mkwe wangu!"

Na Daudi amesimama pale, noti iko usoni, mwekundu kama kile kiazi chekundu cha kizungu wanachoweka kwenye supu, sijui kinaitwaje. Ananitazama. Nikaona kwenye macho yake kwamba amedhani nimemtupia pesa kama ombaomba. Baba mkwe asiyemsemesha, mbele ya bosi, mbele ya mkewe. Akaibandua ile noti. Nikasema sasa ataitupa, na akiitupa yamekwisha, maana mimi siokoti.

Zaina akapita katikati yetu. Akamwambia mlinzi kwa Kizungu kwamba mimi ni baba yake. Akamgeukia mumewe kwa Kiswahili. "Daudi, amekutuza. Ni heshima hiyo. Huyu hatuzi ovyo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Baba! Leo? Mbele ya yule mama?"

"Amepiga!"

"Baba, pliz."

"Amepiga, Zaina! Ulitaka nikae nife na noti yangu mfukoni?"

Daudi akaitazama noti, akanitazama mimi ninaning'inia. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Baba... nzuri?"

Hilo ndilo neno la kwanza tulilozungumza zaidi ya shikamoo tangu nifike. Nikamwambia, "Nzuri sana. Lakini mnakata mapema. Mkifika patamu mnakimbia, mnafukuzwa na nani?"

Zaina akafasiri kwa sauti, watu wakacheka, mlinzi akaniweka chini akaniokotea kofia na kuipangusa. Daudi akaichomeka ile noti kwenye nyuzi, kule juu kwenye funguo za gitaa. Akawaambia wenzake kitu, wakaanza tena ule wimbo, na safari hii walipofika patamu hawakukata. Wakakaa palepale. Wale watu waliokuwa wanaogopana wakaanza kusogea. Hata yule kabati alikuwa anatingisha mguu, nilimwona.

Nilipotazama mlangoni, yule mama hayupo. Alitoka wakati wa zogo au wakati wa wimbo, hakuna anayejua.

Jumatatu akapiga simu. Jibu ni hapana.

Zaina akarudisha simu mahali pake, tukakaa jikoni watatu, hakuna anayemtazama mwenzake. Mimi sipendi kungojeshwa. Nikauliza, "Haya. Nifunge mizigo ya mtu mmoja au ya wawili?"

Akanitazama bila kicheko. "Baba, umemtuza mbele ya watu. Utafika Tanga umwambie mama nini? Kwamba ulimtuza mwanamume jana, leo ukamchukulia mkewe?"

"Nakuuliza wewe. Mimi nilishasema kwa noti."

Daudi akauliza tunasema nini. Akamjibu, "Baba anasema uongeze siku za Hayes, na Jumapili ubaki na gitaa." Mimi sikusema hivyo. Lakini nikaona lina akili nikatingisha kichwa. Daudi akafunika uso kwa mikono, kisha akainuka akanitia chai nyingine. Zaina akachukua mkoba akaenda kazini. Mlangoni akasema, "Mwandikie mama. Mwandikie wewe, si mimi." Ndiyo hii.

Sasa sikiliza. Albamu yao nimeinakili kwenye kaseti, ninampa Hadija, muuguzi mwenzake Zaina, anakuja likizo Tanga wiki ijayo. Isikilize wewe kwanza, peke yako, usikilize gitaa la chini. Kisha mpe Fundi Mbwana wa redio aipige kibandani kwake baada ya alasiri, mlango wazi, sauti juu. Watu wakiuliza ni ya nani, waambie ni ya mkwe wetu. Landani nzima imeshindwa kuisikiliza, na mimi siwezi kukaa na kitu kile chini ya kitanda. Kaka yako naye mkalishe pale aisikilize mpaka mwisho. Akisema hiyo si kazi, mwambie mimi ndiye niliyetuza, aje aniulize mimi.

Nisalimie dada yako, nisalimie mama mkwe wangu na umwambie kanzu aliyonishonea imetazamwa na Landani yote. Wajukuu wabusu. Saidi mkumbushe bati. Jirani yetu wa mbele, fundi cherehani, mwambie koti alilosema halitafaa limefaa.

Na nyumbani usiweke kitanda cha kukodi wala mashuka mapya kwa ajili ya Zaina. Nakuja peke yangu.

Ni mimi mumeo
Baba Zaina