Lenzi ya Pete na Tumbawe Langu

Jumanne, jioni

Kosa la wengi ni kuchagua lenzi kwa kuuliza inakuza kiasi gani. Nami nilikuwa karibu kulifanya. Kumbe la kwanza kuuliza ni hili: inahitaji kusogea karibu kiasi gani?

Leo Hamisi, mpiga picha za harusi hapa Mwankoko, aliniazima lenzi yake fupi, ile ya kusogelea karibu kabisa, anayopigia pete. Ni aina ileile niliyotaka kununua. Nikaisogeza kwenye tangi langu la maji ya chumvi pale sebuleni hadi ikagonga kioo, na tumbawe, lililo ndani zaidi, bado likaonekana kama lina ukungu.

"Mwalimu, bibi harusi wako amekaa mbali," Hamisi akacheka. "Mtoe majini!"

Nilicheka pia, ila nina wasiwasi. Ukingo wa tumbawe unazidi kuwa mweupe, na kuna vidudu vinatambaa pale ambavyo macho yangu hayavipati. Vinalila, au vinalisafisha tu? Nisipovijua mapema, litakufa lote.

Lenzi ndefu ingekuza vilevile ikiwa mbali zaidi. Lakini mbali kiasi gani...

Basi, Mwalimu, chukua rula leo hii, kabla ya kuzima taa, upime kutoka kwenye kioo hadi kwenye tumbawe, ndipo ujue lenzi ya kununua.