Kilo Moja ya Gunia

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Barua ya heshima huanza kwa kuulizia afya, na yako siwezi kuiulizia tena, basi nianze na yangu. Mimi mzima, Baba. Leo nimepanda ngazi za soko la Kariakoo bila kushika ukuta, nikasimama juu napumua kama watu wengine, na harufu ya choroko kavu ikanijia kutoka chini. Nikakukumbuka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Nimeishi nyumbani kwako Ilala miaka mingi na sidhani kama tuliwahi kutazamana usoni mara tatu. Ulikuwa mtu wa Masasi, na adabu ya ukwe ulikuja nayo mjini pamoja na magunia yako. Ulikohoa kabla ya kuingia uani ili nijitande kanga. Ukitaka jambo, unauliza mlango: "Mama Zuhura, chumvi ipo?" Nami naujibu mlango.

Wakati ule unene wangu ulikuwa sifa ya nyumba yako. "Mkwe wa mzee katunzwa," walisema wanawake wa mtaani, na wewe, nasikia, ulitabasamu. Hawakujua kwamba nikipanda ngazi za ofisini naona nyota mchana. Daktari wa Kisutu, yule mzee wa Kihindi aliyewatibu watoto wako wote, alinisikiliza moyo. Halafu akasema wazi kwamba moyo umechoka, dawa na mlo vimeshindwa, na nisipopungua sitamlea Zuhura akakua. Kulikuwa na upasuaji huko India, wa kulipunguza tumbo la chakula. Shirika nililokuwa opareta wake wa simu lingeweza kulipia, mradi kamati ya matibabu ikubali, na ikubali upesi, maana shirika lilikuwa linauzwa. Mwekezaji akishaingia, hakuna aliyejua nani atabaki kazini, sembuse nani atapelekwa India.

Fomu ilitaka uzito. Nikapanda mizani ya daktari, mshale ukakimbia hadi mwisho ukagota. "Mizani yangu ndiyo ndogo, mama," alisema kwa upole, akaniambia nitafute yoyote kubwa yenye muhuri wa serikali. Nililia njia nzima, kwa sababu nilijua moja tu, na ilikuwa yako, ile ya kupimia nafaka stoo.

Mume wangu Saidi ndiye aliyekuambia. Siku ya tatu, baada ya swala ya asubuhi, ulikohoa mlangoni ukasema, "Mama Zuhura, twende stoo kabla watu hawajafungua."

Asubuhi ile naikumbuka kama kitu nilichoota. Mtaa wa Mkunguni umefagiliwa nusu, maduka bado yamelala. Ndani ya stoo, vumbi la mbaazi limening'inia kwenye mwanga wa dirisha, haliendi juu wala chini. Uliwatoa wapagazi nje, ukamwacha Saidi kizingitini, ukasogeza gunia moja ili nipite. Kisha ukasimama kofia mkononi, hujui uangalie wapi.

"Fumba macho, mama," ulisema mwishowe. "Mmoja wetu asione."

Nikapanda. Bati la mizani likashuka kidogo chini ya miguu yangu, likatulia, kama pantoni la Kigamboni linapopokea watu. Nikasikia lile jiwe la mizani likiteleza kwenye mkono wa chuma wa mizani, likisita, likiteleza tena. Maisha yangu yote niliuona mwili wangu machoni mwa watu. Pale, nyuma ya kope zangu, sikuwa mzito wala mwepesi, nilikuwa nimesimama tu. Nilitamani usimalize kupima.

"Tayari." Nilipofumbua, kofia yako ilikuwa imefunika namba, nawe umenipa mgongo unaandika kwenye karatasi. Namba ile hukumtajia mtu, nami sitaitaja hapa.

Wiki tatu baadaye kamati ikakataa. Katibu wao, mama mmoja mkali wa miwani, alinieleza bila kuzunguka: nimepungukiwa nusu kilo kufikia kiwango chao. Kwa mara ya kwanza maishani naambiwa sijanenepa vya kutosha. Nilicheka pale ofisini, nikaja kulia jikoni kwako.

Ukauliza mlango kuna nini. Nikaueleza. Kisha ukasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, "Mama, nilitoa gunia."

Sikuelewa, ukanieleza taratibu. Miaka yote uliyopima nafaka, ukishasoma mizani unatoa kilo moja ya gunia, ili mteja asiuziwe katani ya gunia kwa bei ya choroko. Mkono ulishazoea. Uliponiona na kanga zangu mbili na baibui juu yake, ukatoa kilo moja bila hata kufikiri, ukaandika iliyobaki. "Nilidhani nakutendea haki," ulisema. "Sijawahi kumpunja mtu." Baba, niseme ukweli, nilikuwa na hasira nawe. Nilitaka kuufungua ule mlango nikupigie kelele.

Kesho yake nilikuwa kwenye simu zangu za ofisini nilipokuona unapita na kanzu nyeupe. Lifti ilikuwa mbovu, kamati iko ghorofa ya tano, na miguu yako ile ya kuuma. Hukunitazama. Yaliyotokea huko juu alinisimulia yule katibu jioni, amevua miwani. Alisema ulikataa kiti. Ulisimama mbele ya meza yao ukasema, "Mtu hana gunia. Mimi nimemtoa mkwe wangu gunia. Kosa ni langu, msimwadhibu yeye." Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Wewe ambaye hujawahi kutamka jina langu, ulikwenda kuuzungumzia mwili wangu mbele ya wanaume usiowajua. Najua ilikugharimu nini, na sikuwahi kukushukuru, kwa sababu mlango haukuwa mahali pa kusemea maneno hayo.

Nikapimwa upya stooni kwako, katibu akiwa shahidi, kofia yako ikifunika namba kama mwanzo. Kibali kikapita. Wiki iliyofuata wakaja watu wa mwekezaji wakabadilisha vitasa vya milango yote.

Niliporudi kutoka India na miezi ikapita, nguo zilianza kunipwaya, na wale wale wa mtaani wakauliza kama kwako chakula kimekwisha. Naambiwa uliwajibu barazani, "Mkwe wangu anapumua." Ukaendelea na kahawa yako.

Sasa stoo yako ni duka la simu za mkononi. Mizani mpangaji hakuitaka, Saidi ameileta uani. Juzi niliipanda, nimevaa kanga zangu mbili. Nikafumba macho bila kufikiri, nikasubiri ukohoe. Nilisubiri sana, Baba. Halafu nikafumbua, nikasogeza jiwe mwenyewe, nikasoma, nikaandika kwenye karatasi. Sikutoa gunia.

Pumzika, Baba. Ahsante, nimeisema bila mlango.

Mkweo,
Mama Zuhura